Spitfire Mk I ya 1/32: boksi tamu, mabawa yana kesi

Wadau wa modeli habari zenu, kuna watu waliniuliza kuhusu hii Spitfire kubwa niliyoagiza, yaani modeli ya plastiki ya ile ndege ya kivita ya Waingereza, ndogo mara 32 kuliko ndege halisi, sasa nimeshaiunga hadi hatua ya rangi kwahiyo naweza kuongea. Kiwanda sitakitaja maana sitaki kesi na mtu, ila wenye macho mtaijua tu mkiona ncha za mabawa.

Nianze na mazuri yaishe haraka. Plastiki ni safi, haina mabonde, chumba cha rubani kina kila kitu mpaka mikanda, injini ya Merlin unaweza ukaiacha wazi watu waione, na stika za maji zinalala vizuri bila kujikunja. Bodi nimeipima kwa rula iko poa. Yaani ukifungua boksi unasema hapa nimepata mali.

Alaf unafika kwenye mabawa. Na Spitfire bila mabawa yake ni nini aisee? Mitchell, mbunifu mkuu wa Spitfire, na wenzake pale kiwanda cha Supermarine hawakuchora lile umbo la yai kwa urembo, walitaka bawa jembamba ambalo bado lina nafasi ya kuficha tairi na bunduki nane za Browning, nne kila upande. Shenstone ndo aliyeshughulika na hesabu za upepo. Na lile yai sio yai la kawaida, ni nusu mbili za mayai tofauti zilizounganishwa kwenye mstari mmoja, ya mbele nyembamba ya nyuma pana, ndo maana ukingo wa mbele unaonekana kama umenyooka hivi na ukingo wa nyuma ndo umejikunja kwelikweli. Hawa jamaa wa kiwanda wamekunja mbele na nyuma sawasawa! Ukiitazama kwa juu unahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hujui ni nini. Mimi nilienda RAF Museum, makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza pale Hendon, London, kuingia ni bure, wana Mk I halisi, nikasimama chini ya bawa nikapiga picha nyingi mpaka walinzi wakaanza kuniangalia.

Tatizo la pili ni ukingo wa nyuma, mnene utadhani ukingo wa sahani ya udongo. Nilipima milimita 1.2, sasa zidisha mara 32 unapata karibu sentimita nne, ndege gani hiyo ina ukingo wa sentimita nne? Dawa yake ni msasa, na ufanye KABLA ya gundi. Bandika msasa namba 240 kwenye kipande cha kioo, chukua kila nusu ya bawa usugue upande wa ndani, ule usioonekana, polepole huku unapima, mpaka plastiki ianze kupitisha mwanga. Ukisugua kwa nje utafuta mistari na riveti zote na utalia. Flapu na aileroni, vile vipande vinavyocheza nyuma ya bawa, nazo zinahitaji kupunguzwa la sivyo zitabaki nene peke yake na itaonekana vibaya zaidi.

La tatu ndo lilinichosha. Mabawa ya Spitfire yanapanda kuelekea nchani kwa nyuzi 6, hii modeli ukiiunga kama karatasi ya maelekezo inavyosema unapata kama nyuzi 4, ndege inakaa kama imechoka. Nyuzi mbili unaweza kuziona ndogo ila kwa bawa la ukubwa huu ncha inakuwa chini zaidi ya milimita tano. Kwahiyo nilichofanya, kipande cha chini cha bawa ni kimoja kutoka ncha hadi ncha, nikakikwaruza kwa kisu upande wa ndani pale linapoishia bodi, nikakunja taratibu kwenda juu, nikabandika ndani kipande cha shaba nilichokikunja kwa pembe inayotakiwa ili kushikilia. Hapo sasa zile nusu za juu zinagongana na bodi maana bawa limesogea, inabidi upunguze mzizi wake, pale bawa linapoungana na bodi, kidogo kidogo, ukikata sana unapata pengo la kuziba na puti, kazi juu ya kazi.

Kuna na kile kimkunjo cha chini nyuma ya bawa, kingo inapotoka kwenye bodi inashuka kidogo ndo ianze kupanda. Kwenye boksi hili pamenyooka tu. Nilitumia Milliput, ile ya kukanda sehemu mbili, unalainisha kwa kidole chenye maji, ukiacha usiku mzima asubuhi inasuguliwa vizuri. Juu yake Mr. Surfacer 1000, ile rangi ya msingi, kutafuta mikwaruzo.

Ncha zenyewe nilizikata, nikabandika shiti ya plastiki na supaglu, nikachonga kufuata templeti ya kadibodi. Kushoto na kulia tumia templeti ileile moja, geuza tu, usichore mbili.

Wapo watakaouliza mbona sijagusa msokoto, maana bawa halisi linaanza nyuzi 2 kwenye mzizi na kuishia chini ya sifuri kwa nusu nyuzi nchani, ili ndege ikikaribia kuishiwa mwendo mzizi uachie kwanza, rubani asikie ndege inatetemeka huku aileroni bado zinafanya kazi. Nimeuacha makusudi. Pale nchani kwa kipimo cha 1/32 tofauti haifiki hata milimita moja na nusu, na kusokota plastiki kwenye maji ya moto ukishasahihisha kila kitu ni kutafuta balaa.

Je ununue? Kwa bei kamili hapana, kuna viwanda vingine vimepatia hili bawa na unaunga bila stresi. Ukiikuta kwenye punguzo na una mkono wa msasa basi chukua, chumba cha rubani na injini peke yake vinalipa. Kama ndo modeli yako ya kwanza kubwa achana nayo kabisa, itakufanya uchukie hobi. Nyota mbili na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya stika.

Anayetaka templeti ya ncha aje inbox namtumia, ila akiprinti ahakikishe ni asilimia 100, asiiache printa ijipunguzie yenyewe, na apime kwa rula kabla hajakata. Mabawa yakikamilika, ncha hadi ncha iwe sentimita 35.1.