Kitasa cha ndoano na kufuli la duara kwenye Hiace ya kazi: uzoefu wangu hapa Tanga

Nianze na jibu, maana najua wengi mna gari limeegeshwa nje na vifaa vya kazi vimo ndani. Mlango wa pembeni wa kusukuma nimeufungia kitasa cha ziada chenye ulimi wa ndoano. Mlango wa nyuma nimeufungia kufuli la duara linalokaa ndani ya kikombe chake cha chuma. Nimevitumia masika na kiangazi, upepo wa kusi na wa kaskazi, na nimeridhika navyo, ingawa cha nyuma kina adha yake nitakayoieleza. Ila kilichonifaa kuliko vyote ni bamba la chuma la milimita 3 lililofungwa nyuma ya bati la mlango. Hilo halimo kwenye pakiti ya kufuli lolote, na muuza duka hatakutajia usipouliza.

Kazi yangu ni viyoyozi na majokofu. Wateja wangu wengi wako Raskazone na Chumbageni, na mara kwa mara naitwa Pangani au Muheza. Garini kuna pampu ya vakyumu, geji za gesi, drili, kifaa cha kupanulia midomo ya mabomba, na roli za bomba la shaba. Shaba ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi. Drili ikiibwa mwizi atatafuta mnunuzi, lakini shaba inapimwa kwa kilo kwenye vyuma chakavu na hakuna anayeuliza ilikotoka. Nyumbani kwangu Ngamiani hakuna geti wala ua wa kuingiza gari, kwa hiyo linalala barabarani. Mchana nako si salama sana: mimi niko juu ya paa nafunga mashine ya nje, msaidizi yuko chumbani anatoboa ukuta, gari liko peke yake upande wa pili wa jengo.

Wengine wataniambia nina bima. Bima ndogo, ile ya lazima barabarani, inamlipa mtu mwingine niliyemdhuru. Vifaa vyangu havimo. Hata mwenye bima kubwa asidhani kwamba mzigo wa ndani umehesabiwa pamoja na gari. Aulize, na jibu alipate kwa maandishi.

Kabla ya kununua chochote, angalia kwanza kitasa gari lilichokuja nacho. Vitasa vya magari ndani vina vibati vyembamba vinavyopanda na kushuka ufunguo unapoingia. Hiace zetu nyingi zimefika hapa zikiwa zimeshatumika Japani miaka kadhaa, na sisi tukaongeza miaka yetu juu yake. Vibati vikisagika, ufunguo wa gari jingine unaweza kuzunguka humo, na wakati mwingine hata bisibisi bapa inatosha. Rimoti nayo ina udhaifu wake: mtu mwenye kifaa cha kuvuruga mawimbi akisimama karibu, wewe unabonyeza na kuondoka, gari limebaki wazi. Kuvuta mshikio wa mlango kwa mkono kabla hujaondoka hakugharimu kitu, na mimi sasa nafanya hivyo kila ninaposhuka.

Mlango wa pembeni ndio uliochukua muda wangu mwingi wa kufikiri. Nilitaka niweke kufuli la nje tu, na tumbuu zake mbili, moja mlangoni na moja kwenye mwili wa gari. Kwenye Hiace haiwezekani vizuri. Mlango ukifunguka unatoka nje kidogo halafu unarudi nyuma ukipita ubavuni mwa gari, hivyo chochote utakachofunga kwenye ubavu ule nyuma ya mlango kitauzuia. Ukihamia mbele, kwenye nguzo, unakutana na mlango wa abiria ambao nao unahitaji nafasi ya kufunga. Kwa hiyo kitasa lazima kiwe ndani ya mlango, kikitoa ulimi wake kuingia kwenye nguzo.

Na ulimi wenyewe hauwezi kuwa wa kunyooka. Komeo la kawaida la nyumbani linafanya kazi kwa sababu mlango wa nyumba unafunguka kwa kuzunguka kwenye bawaba, na ulimi unaukingama njiani. Mlango wa kusukuma unafunguka kwa kurudi nyuma, yaani kulekule ulimi unakoelekea unapochomoka tunduni. Mtu akipata nafasi ya mtaimbo, akausukuma mlango nyuma, ulimi wa kunyooka unatoka tunduni mwake taratibu bila kuvunjika. Ndoano inazama ndani kisha inajipinda na kung'ang'ania bamba la upande wa pili, hivyo kadiri unavyouvuta mlango ndivyo inavyozidi kushika. Ukienda dukani, hata kama muuzaji anakusifia unene wa ulimi, mwambie akuzungushie ufunguo uone unavyotoka. Ukitoka umenyooka kama kidole, huo si wa mlango wa kusukuma.

Kuna vitasa vya aina mbili hapa, na uchaguzi unategemea kazi yako, wala si bei. Aina ya kwanza inajifunga yenyewe kila unapobamiza mlango. Kwa anayesambaza mikate au soda madukani, anayeshuka na kupanda asubuhi nzima akiwa na kreti mikononi, hiyo ndiyo yake, kwa sababu hana nafasi ya kukumbuka. Aina ya pili haijifungi mpaka uzungushe ufunguo. Nilichagua hiyo ya pili. Mimi nafungua gari, natoa ngazi, narudi kuchukua spana, naweka funguo juu ya boksi. Kitasa cha kujifunga kingenifungia funguo ndani kabla ya adhuhuri. Ubaya wake ni kwamba usipozungusha ufunguo huna kitasa, una tundu lililopambwa tu.

Vitasa vingi vya aina hii vinatengenezwa kwa magari ya Ulaya, kama Ford Transit na Mercedes-Benz Sprinter, na karatasi ya vipimo inayokuja navyo haina maana kwenye Hiace. Niliagiza kile kisichofungamana na gari moja, kupitia mfanyabiashara wa Kariakoo, nikakipeleka kwa mzee mmoja fundi wa kuchomelea kule Makorora. Nilimsalimia, nikamwonyesha pakiti nikitegemea aisifie. Akaigeuza geuza, akagonga bati la mlango wangu kwa kucha.

"Mwanangu, bati hili halifiki milimita moja. Ukifunga hiki humu peke yake, mwizi hana haja ya kukivunja. Atalikunja bati, kitasa kitabaki kimefungwa na mlango uko wazi."

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Chuma nyuma ya chuma. Huku mlangoni na kule kwenye nguzo. Pande zote mbili, usinipunguzie moja."

Ndivyo tulivyofanya. Alikata mabamba ya milimita 3, moja likawa ndani ya mlango nyuma ya kitasa, jingine kwenye nguzo mahali ndoano inaponasa. Parafujo za kujichimbia, zile zilizokuja kwenye pakiti, aliziweka kando bila hata kuzijadili. Alitumia bolti zenye kichwa laini cha mviringo upande wa nje, ambazo spana haina pa kushika, na nati zikawa ndani. Nati chache akazidondoshea tone la moto zisifunguke. Kabla ya kuwasha mashine alinifungulisha waya wa betri, na hilo mlihimize kwa fundi wenu, kwa sababu umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza kompyuta ya gari.

Baada ya kutoboa, kazi ambayo mafundi wengi huiruka ndiyo aliyoifanya kwa utulivu kuliko zote. Alipiga tupa kingo za kila tundu, akapaka rangi ya kuzuia kutu kwenye chuma kilichobaki wazi, akasubiri ikauke, akaweka mpira mwembamba kati ya kitasa na bati, na mwisho silikoni. Hapa Tanga chumvi iko hewani. Tundu lililoachwa uchi litaanza kuchuruzika wekundu kabla hujazoea kutumia ufunguo mpya. Tena vyuma viwili tofauti vikigusana kwenye maji ya chumvi, kilicho dhaifu ndicho kinacholiwa, na kati ya kitasa cha chuma kisichoshika kutu na bati la gari, dhaifu ni bati lako. Mpira ule mwembamba unavitenganisha. Vilevile hakikisha hajaziba vitundu vilivyo chini ya mlango; maji ya mvua yanaingia kwenye mlango wa gari lolote, na yanatokea hapo.

Mlango wa nyuma ulikuwa rahisi. Unanyanyuka juu, kwa hiyo kipande kimoja kikafungwa kwenye ukingo wake wa chini na kingine kwenye mwili wa gari chini yake, na kufuli la duara likavishika vyote viwili. Uzuri wa duara ni kwamba pini yake imejificha nyuma, ndani ya kikombe. Kufuli la kawaida lina upinde ulio wazi, na mkasi wa kukatia nondo unauuma mara moja. Hili mkasi hauna pa kuuma.

Kuhusu chuma chake: shaba haishiki kutu lakini ni laini, inatoboleka kwa drili. Chuma kigumu kinahimili drili lakini pwani hii kinaota kutu. Nilitafuta lenye ganda la chuma kisichoshika kutu na pini ngumu ndani. Hata hicho kina madaraja. Kilichoandikwa 304 ndicho utakachokiona zaidi; kilichoandikwa 316 kimeongezwa molibdenamu na kinavumilia chumvi vizuri zaidi. Langu ni 304. Limeota madoa ya kahawia juu juu, yanatoka kwa kitambaa. Kwenye pakiti ukikuta EN 12320, hicho ni kipimo cha Ulaya cha makufuli, daraja la 1 mpaka la 6, na 6 ndilo gumu zaidi. Pakiti iliyojaa maneno ya sifa bila daraja lolote mimi naipita.

Adha niliyoitaja ni hii: kufuli hili liko chini, karibu na bampa, na kila tope la barabara za vumbi linaruka hapo. Tundu la ufunguo linatazama upande, si juu, na hilo limesaidia, lakini wakati wa masika ufunguo unakwaruza. Usilimiminie oili ya injini. Oili inashika vumbi na inageuka udongo ndani ya kitasa. Unga wa grafaiti unatosha, unapuliziwa kidogo na ufunguo unazungushwa. Kabla ya hapo nalisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuliacha likauke. Anayesafiri njia za vumbi kila siku ajue kwamba hii ni kazi ya kudumu.

Jambo la funguo wauzaji hawalitaji. Makufuli mengi ya bei ya chini yana namba iliyogongwa kwenye ufunguo, na yenye namba moja yanafunguliwa na ufunguo mmoja. Jirani yako akinunua kutoka boksi lilelile, ana ufunguo wa gari lako. Soma namba kabla ya kulipa. Ufunguo wa akiba nimeuacha kwa mke wangu, na hauendi garini kamwe.

Sasa hili nalisema kwa uzito wote. Kitasa cha ndoano kikifungwa kwa ufunguo nje, mtu aliye nyuma hawezi kutoka kupitia mlango ule. Msaidizi wangu hukaa nyuma tukienda mbali. Sifungi kitasa kile mtu akiwa ndani, hata kwa dakika moja kituo cha mafuta, na gari likiwa linatembea kinakuwa wazi daima. Anayebeba watu na mzigo pamoja alifikirie hili kabla ya bei. Mitungi ya R32, gesi ya viyoyozi, nayo hailali garini hata siku moja, kwa sababu gesi ile inaweza kushika moto, na kitasa hakiisaidii chochote.

Gharama zangu: kitasa cha ndoano shilingi 165,000 pamoja na usafiri kutoka Dar es Salaam, kufuli la duara na kikombe chake 70,000, mabamba, bolti, rangi na kazi ya fundi 110,000. Jumla 345,000. Kwa nilivyoona ubora wa kazi, ile 110,000 ndiyo ningeiongeza kwanza kama ningekuwa na zaidi.

Mwenye grinda ya betri na dakika chache za upweke atakata chochote nilichokitaja. Kwa hiyo usiku naliegesha kwa kurudi nyuma hadi ukutani, mlango wa kunyanyua usipate nafasi ya kunyanyuka, na upande wa mlango wa kusukuma nauelekeza kwenye taa ya duka la jirani. Pampu na geji nazishusha. Shaba inabaki, kwa kuwa roli ni nzito na nyumba ni ndogo.

Kilichobaki ni milango miwili ya mbele, ambayo bado ina vitasa vilevile vya zamani. Nyuma ya viti fundi amenipimia ukuta wa wavu wa chuma, ili anayeingia mbele asipite kwenda kwenye mzigo. Chuma kimeshakatwa, tunasubiri rangi ikauke.