Tulivyokatwa picha za kivuli Philadelphia

Mama alikuja kutoka Tanga kututembelea, na Jumamosi moja nikaona tangazo kwenye dirisha la duka la wanasesere: mkata vivuli yupo leo tu, saa nne hadi saa kumi. Kwa wasiomjua, ni fundi anayekutazama uso kwa upande, anachukua mkasi na karatasi nyeusi, anakutoa vilevile ulivyo bila kuchora hata mstari mmoja. Dola 40 kwa kichwa, nakala mbili. Fremu unalipia mbali.

Mama kusikia bei akaniambia, "Arobaini ili nigeuzwe mweusi? Si ndivyo nilivyozaliwa?" Lakini alikaa.

Nilisimama nyuma ya fundi makusudi. Mkono wenye mkasi hautembei kabisa, kinachozunguka ni karatasi. Alianzia kifuani kwa mama, akapanda kidevuni, midomo, pua, na alipofika kwenye mtandio akausimamisha kwa mkato mmoja mdogo, kama ukucha, ukakaa kama ulivyokuwa kichwani. Dakika mbili hazikuisha. Karatasi anaikunja kwanza, ndiyo maana nakala moja inatazama kulia na nyingine kushoto.

Alituambia kazi kafundishwa na baba yake, na baba yake kafundishwa na mama yake, wote wakihangaika na mkasi maonyesho kwa maonyesho. Yeye alianza utotoni, akikata mabaki chini ya meza ya baba.

Kwa mwanangu aliteleza. Nilikuwa nimemsuka mabutu, vifundo sita vimesimama, fundi akamtolea kichwa cha mviringo kama chungwa. Mtoto akaniangalia akitaka kulia. Nikamwonyesha fundi kosa lake, naye bila ubishi akakata upya, bure, safari hii akihesabu vifundo kwa sauti.

Asilani usiagize kwa picha ya simu. Mume wangu alikuwa kazini, nikatuma picha yake baadaye kwa mkataji mwingine wa mtandaoni. Kwenye picha mume wangu alikuwa amegeuka kidogo tu, si ubavu kamili, pua ikarudi bapa na shingo ya mtu mwingine. Nimeandika kuulizia, kimya. Hela imeenda.

Tulipotoka dukani nikampeleka mama Independence Hall, jengo la hapo Philadelphia ambamo uhuru wa Marekani ulitangazwa, maana kuanzia 1802 ghorofa ya juu ilikuwa makumbusho ya mchoraji Charles Willson Peale. Humo ndimo alimofanya kazi mkata vivuli Moses Williams, aliyezaliwa mtumwa na kukulia katika nyumba ya Peale. Watoto wa Peale walifundishwa kuchora kwa rangi, Moses akapewa karatasi na mkasi. Kulikuwa na mashine yenye fimbo inayopitishwa usoni na kuacha alama kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa. Moses akikata ndani ya alama, kichwa kinadondoka, anachokupa ni lile tundu, ukiliwekea karatasi nyeusi kwa nyuma unajiona. Alitoza senti 8. Mwaka 1803 peke yake zilitoka picha zaidi ya 8,000, na kwa senti hizo, akiwa huru sasa, akanunua nyumba ya matofali. Mama aliniuliza vile vichwa vilivyodondoka walivipeleka wapi. Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo kama fundi wa namna hii akipita mjini kwako, nenda mwenyewe, na watoto uwapeleke asubuhi kabla ya foleni, maana sisi tulisubiri karibu saa nzima na mahali pa kukaa hapakuwepo. Fremu usinunue kwake, ya duka la kawaida inatosha. Picha usiitundike juani, karatasi nyeusi inapauka.

Nakala moja ya mama iko sebuleni kwetu, ya pili amerudi nayo Tanga. Baba ameiona, sasa anataka yake. Anauliza tu kama akatwe na kofia au bila kofia, na hilo nimewaachia wenyewe wakubaliane.