Pasteli za mafuta darasani: uzoefu wangu na darasa la nne

Nafundisha shule ya msingi hapa Mwanza. Walimu wenzangu wakiniuliza wanunue rangi gani kwa ajili ya kipindi cha sanaa, nawaambia pasteli za mafuta, yaani vijiti vya rangi laini yenye mafuta. Nimetumia penseli za rangi, krayoni za nta, na pasteli kavu zile za vumbi, lakini hizi za mafuta ndizo zinazompa mtoto moyo wa kuchora. Penseli ya njano ukiipitisha juu ya manila nyeusi huioni. Pasteli inakaa juu ya karatasi, nzito, na njano inabaki njano.

Kazi tunayoipenda kuliko zote ni picha za mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Rangi zile huwezi kumwachia mtoto wa miaka tisa, harufu yake tu ni shida. Pasteli inampa mng'ao wa karibu na ule bila brashi wala maji. Mwanafunzi wangu mmoja alichora ndege kanga, mweusi juu ya rangi ya chungwa. Kwa kila doa alikandamiza ncha ya nyeupe, akaizungusha kidogo, akainua. Akishapiga madoa machache anafuta ncha kwenye kitambaa, maana nyeupe hubeba weusi haraka. Sikumfundisha mimi!

Kazi nyingine ni kukwaruza. Wanapaka njano na nyekundu, wanafunika yote kwa nyeusi, kisha wanachora kwa kalamu iliyokwisha wino. Watoto wa huku wanachora mitumbwi ya dagaa ziwani usiku, na palipokwaruzwa taa zinawaka kwelikweli.

Kasoro zipo. Picha haikauki kabisa, tofauti na ya rangi ya maji, kwa hiyo ukizipanga zikiangaliana zinaharibiana. Mimi naweka gazeti katikati. Juani vijiti vinalegea. Na shati jeupe la sare likipata doa, mama mtu atasugua sana, hivyo wanangu huvaa fulana kuukuu juu ya sare.

Pasteli hizi zilianza Japani mwaka 1925, kampuni ya Sakura ilipozitengeneza ikiwalenga watoto wa shule, na ukizitumia unaliona hilo: kijiti ni kinene, kinashikika. Ila madukani kuna maboksi ya bei rahisi yaliyoandikwa pasteli ambayo ndani ni nta tupu. Kabla ya kulipa, omba kujaribu: paka rangi mbili, sugua kwa kidole. Zisipochanganyika, rudisha.

Boksi la rangi 25 linatosha kundi la watoto wanne. Nyeupe ndiyo huisha kwanza, kwa sababu kila mtoto anaitaka kulainishia rangi nyingine, kwa hiyo ukipata duka linalouza kijiti kimojakimoja, beba nyeupe za kutosha.