Msimbazi au mito ya Nairobi: nani kaanza vizuri?

Watu wanaifananisha sana hii miradi miwili, wa bonde la mto Msimbazi kule Dar es Salaam na wa kusafisha mito ya Nairobi, na kweli inafanana, yote hela ya umma na mito yote imejaa uchafu. Ila mi naona tofauti kubwa iko kwa watu wa mabondeni.

Msimbazi, Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, alafu watu wa Jangwani na kwengineko wakathaminiwa, wakalipwa, ndo nyumba zikaanza kubomolewa. Kuna waliolia fidia ndogo, na wana haki ya kulia manake Dar kiwanja sio bei ya mchezo, lakini angalau mtu alitoka na kitu mkononi. Nairobi 2024 baada ya yale mafuriko matingatinga yaliingia mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru kwanza, familia ikaahidiwa shilingi 10,000, sasa elfu kumi Nairobi unalipa kodi miezi mingapi jamani?

Kwenye maji yenyewe nawapa Nairobi. Mpango wao wa 2025 una bomba kubwa la majitaka kando ya mto, na hapo ndo penyewe, coz ukisafisha mto huku vyoo vinamwaga humohumo ni kazi bure. Msimbazi nguvu kubwa imeenda kwenye mafuriko, kuchimba mchanga, kuinua daraja la Jangwani na kutengeneza paki bondeni. Sawa, daladala zitapita masika, ila mikoko pale Salenda, mto unapoingia baharini, bado itapokea maji meusi kama majitaka ya juu hayajashughulikiwa.