Lost Dogs ya Pearl Jam: ukoko nilioununua kwa elfu ishirini

Hizi sidi mbili ninazo mwezi wa nne sasa, na zimepigwa kibandani kwangu mpaka watoto wa jirani wanaziimba kwa maneno yao wenyewe. Mie nashona makochi na mapazia hapa Ngamiani, Tanga. Redio haizimwi kutwa. Mteja akiingia hukuta ama taarabu, ama dansi la zamani, ama makelele yangu. Makelele ndilo jina alilolipa muziki wa roki fundi redio wa mlango wa pili, mzee aliyenizidi miaka thelathini, na nimeshachoka kubishana naye.

Binamu yangu aliye Dar es Salaam ndiye aliyezikuta, kwenye meza ya vitu vilivyotumika, zimelaliwa na vitabu vya mapishi na filamu za Kichina. Muuzaji alianzia elfu thelathini, wakafikishana kwenye ishirini. Akanitumia kwa basi ndani ya mfuko mmoja na viatu vya shule vya mwanangu, ndiyo maana kasha limefika limepasuka kona. Mkwaruzo kwenye sidi ya pili ulikuwa wa siku nyingi, huo silaumu kiatu.

Kwa asiyewajua: Pearl Jam ni bendi ya Seattle, Marekani, ilianza 1990 na albamu yake ya kwanza, Ten, ikatoka 1991. Lost Dogs, yaani mbwa waliopotea, ilitoka Novemba 2003. Ina nyimbo 30, kumi na sita sidi ya kwanza na kumi na nne ya pili, na karibu zote ni zile zilizokaa upande wa pili wa singo (santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande), au zilirekodiwa zikaachwa nje ya albamu, au zilitolewa kwa wanachama wa klabu ya mashabiki tu. Kwa kifupi, vilivyobaki jikoni.

Mtu wa mjini atakwambia makombo hayo. Mie nasema ukoko. Aliyelelewa kwenye nyumba ya watu wengi anajua kelele za watoto sufuria ya wali ikiepuliwa, na anajua hazikuwa kelele za kugombea wali wa juu.

Hata fundi, na makelele yake, alinielewa mara moja nilipomwambia hizi ni nyimbo za upande wa pili. Akaweka chini bisibisi. "Mwanangu," akasema, "weye santuri hukuzikuta. Upande wa pili ndiko kulikokuwa na muziki wenyewe." Akanieleza jambo ambalo nilikuwa nalisikia juu juu tu. Santuri ndogo za bendi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zote za hapa hapa Tanga, hazikuwa na nafasi ya wimbo mrefu. Mara nyingi wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mwimbaji anatoa kisa chake taratibu, halafu unageuza, na huko ndiko gitaa linakochemka na watu wanainuka vitini. Usipogeuza, umenunua nusu. Alikuwa akinionyesha kwa kiganja, anakigeuza juu chini, juu chini, kama anayechoma chapati.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifungua masikio kwa Footsteps, wimbo wa nne wa sidi ya pili. Kabla Eddie Vedder hajawa mwimbaji wao alikuwa akiishi San Diego, na alitumiwa kaseti ya muziki mtupu usio na maneno. Akaingiza sauti yake kwenye nyimbo tatu, zikiwa kisa kimoja kinachoendelea, akairudisha kaseti kwa posta. Wimbo wa kwanza kijana anaambiwa siri ya baba yake, wa pili amekuwa muuaji, wa tatu yuko gerezani anahesabu alichokifanya. Mbili za mwanzo, Alive na Once, ziliingia kwenye Ten. Ya tatu, ndiyo hii Footsteps, ikatupwa nyuma ya singo ya Jeremy mwaka 1992. Basi mamilioni walionunua Ten wana kisa kisicho na mwisho! Mie mwenyewe Alive nimeisikiliza tangu nikiwa sekondari, nilikuwa nikidhani ni wimbo wa mtu aliyefurahi kuwa hai. Nilipousikia wa tatu, gitaa kavu na kinanda cha mdomo na yule bwana anaimba kama aliyechoka kujitetea, niliacha sindano ndani ya kitambaa nikakaa kwanza. Kwa huo peke yake elfu ishirini zangu zimerudi.

Nyuma ya singo hiyo hiyo ya Jeremy ndiko ulikotoka Yellow Ledbetter, unaofunga sidi ya kwanza. Huu ndio kipenzi cha mashabiki dunia nzima. Haukuwa na albamu, lakini redio za Marekani ziliupiga mpaka ukajulikana kuliko nyimbo nyingi zenye albamu, na bendi imezoea kuagia nao mwisho wa maonyesho. Mike McCready anaanza na gitaa peke yake, laini, lenye harufu ya yule mpiga gitaa Jimi Hendrix alipokuwa hana haraka. Kisha Vedder anaingia, na hapo ndipo pana kisa, kwa sababu maneno hayasikiki. Si kwamba Kiingereza changu ni kibovu (ni kibovu, lakini si hivyo). Anayavuta, anayameza, anayabadilisha kila anapopanda jukwaani.

"Anasema nini?" fundi akaniuliza.

"Hata Wamarekani wenyewe hawajui, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi leo tuko sawa nao."

Toka siku hiyo anauita wimbo wake. Ukifika pale gitaa linapopanda, hupunguza mkono kwenye kazi. Hasemi kitu, lakini nimemwona.

Hapa Tanga kuna watu watakaoniuliza roki na sisi wapi na wapi. Jamani, Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Unguja mwaka 1946, hapo ng'ambo tu. Na ule wimbo wao wa kupiga viganja na miguu, We Will Rock You, ambao hata watoto wa Makorora wanaupiga juu ya madawati bila kujua ni wa nani, mwaka 1977 ulitoka ukiwa upande wa pili wa singo. Nimemaliza.

Whale Song ndio uliotugawa. Ulitungwa na kuimbwa na Jack Irons, mpiga dramu wao wa miaka ile, na magitaa yanaigiza sauti za nyangumi: yanalia kwa mbali, yanapanda, yanafifia. Mie naupenda usiku. Lakini alikuwepo mteja wangu, mvuvi wa Deep Sea, amekuja kufuata godoro la boti, na huku kwetu nyangumi wanapita kuanzia kama Julai wakati wa kusi, wavuvi wanawaona. Akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Halafu akasema, "Huyu hajawahi kukaa karibu naye. Nyangumi halii hivyo, nyangumi anafanya *pfuuu*, na weye ndani ya ngalawa unaanza kusoma dua." Nilijaribu kumweleza kwamba hiyo ni sauti yao ya chini ya maji. Akaniuliza chini ya maji nilikwenda lini.

Si kila kitu kinalika, hata ukoko una sehemu zilizoungua. Brother hapa wameuweka muziki mtupu bila sauti ya mwimbaji, na ule wenye maneno ukaja kutolewa 2009 pamoja na toleo jipya la Ten. Ukishajua hivyo, unausikia kama kochi nililolivisha kitambaa nikasahau kuweka sponji. Gremmie Out of Control ni mchezo wa vijana wa ufukweni, nauruka. Dirty Frank ni utani wao kuhusu dereva wa basi la ziara, unachekesha mara ya kwanza. Sweet Lew anaimba mpiga besi Jeff Ament, kuhusu mcheza kikapu Kareem Abdul-Jabbar, na ningemshauri abaki kwenye besi. Halafu kuna kosa la kuacha: State of Love and Trust, uliotoka kwenye muziki wa filamu ya Singles mwaka 1992, haumo. Nyimbo thelathini, na huo haumo! Shabiki yeyote wa bendi hii utakayemgusa atakulalamikia hilo kabla hujamwuliza.

Sauti nayo si moja. Nyimbo zimekusanywa kutoka zaidi ya miaka kumi ya kurekodi, kwa hiyo moja inakuja imejaa kifua na inayofuata nyembamba. Kwenye spika zangu kubwa inabidi mkono ukae karibu na kitufe. Kijitabu cha ndani kina maelezo mafupi ya wanabendi wenyewe kuhusu nyimbo, kwa herufi ndogo za kutafutia miwani. Cha kwangu kiliwahi kulowa mahali, kurasa mbili zimegandana na sijathubutu kuzivuta.

Sasa huo mkwaruzo. Sidi ya pili ilikuwa ikifika Last Kiss inaganda, tena inaganda pabaya, katikati ya ajali ya gari, kijana wa watu anarudia neno moja mfululizo kama kasuku. Wimbo wenyewe ni wa zamani, wa Wayne Cochran. Pearl Jam waliurekodi kwa ajili ya klabu ya mashabiki wao, 1999 ukafika nafasi ya pili kwenye chati ya Marekani, na mapato yakaenda kwa wakimbizi wa Kosovo. Nilitaka kuusikia mzima. Nikampelekea fundi.

Hakuchukua dawa yoyote ya dukani. Alifua kipande cha pamba cha fulana, akakikamua, akatia dawa ya meno nyeupe, tone dogo kama punje ya mtama. Akaishika sidi kwa vidole viwili kwenye kingo na kuanza kufuta kutoka kwenye tundu la kati kwenda nje, mistari iliyonyooka. Nilipotaka kusaidia kwa kuzungusha akanipiga kofi la mkono. "Ukizungusha unaiua. Unakwenda nje tu, kama unachana nywele." Dakika kumi hivi. Akaisuuza kwa maji ya kopo, akaipuliza, akaitia kwenye deki lake. Last Kiss ikapita mzima, kijana akagonga gari lake na kumpoteza mpenzi wake bila kukwama.

Tukaiacha iendelee. Ikaisha Bee Girl, wimbo wa mwisho ulioandikwa nyuma ya kasha, kukawa kimya. Fundi akanyoosha kidole kuitoa sidi, nikamshika mkono: kwenye kioo cha deki namba zilikuwa bado zinahesabu. Tukangoja. Nje muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake. Dakika zikaenda, fundi akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, na hapo likaingia gitaa moja na sauti ya chini ya Vedder, imejaa uchungu. Haujaandikwa popote kwenye kasha. Aliutunga na kuurekodi mwaka 2002, alipopata habari ya kifo cha Layne Staley, mwimbaji wa Alice in Chains, mwenzao wa Seattle. Jina lake ni tarehe tu.

Fundi hajui Kiingereza, na sikumtafsiria. Akauliza, "Huyu amefiwa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema "Aa," akapunguza mwanga wa taa ya mezani, akaacha uishe.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na State of Love and Trust na ile kochi isiyo na sponji. Ukiikuta kwa elfu ishirini chukua, zaidi ya thelathini omba kwanza kuipiga yote pale pale dukani, mpaka namba ziache kuhesabu. Sidi ya pili ninayo. Ile ya kwanza, yenye Yellow Ledbetter, fundi aliniazima "mpaka kesho", na hii ni wiki ya tatu.