Kubadilisha mpira wa sivijointi kwenye Vitz: kazi moja niliyoilipia mara mbili

Gari langu ni Toyota Vitz ya mwaka 2003, ya otomatiki, na kila siku hupita kipande cha vumbi na kokoto kati ya nyumbani kwangu Goba, Dar es Salaam, na barabara ya lami. Siku moja nikiliosha niliona grisi nyeusi imetapakaa upande wa ndani wa rimu ya mbele kushoto, na nyingine imerukia hadi kwenye shokapu. Mpira wa sivijointi, yaani ule wenye mikunjo unaofunika kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu na kuzuia grisi yake isitoke, ulionekana mzima mpaka nilipokata usukani hadi mwisho. Hapo mikunjo ikafunguka, na ufa wa urefu wa kidole ukajitokeza kwenye bonde la mkunjo wa pili.

Fundi wa kwanza, ambaye sitamtaja, alimaliza kazi ndani ya saa moja na nikamlipa shilingi 25,000 pamoja na vifaa. Alitumia mpira wa kuvutika, ule unaovushwa juu ya sivijointi kwa koni ya plastiki bila kuifungua shafti, akasindilia grisi ya kawaida ya beringi juu ya ile iliyokwisha kuchanganyika na mchanga, kisha akafunga ncha zote mbili kwa tai za plastiki za kufungia nyaya. Mpira wenyewe sina ugomvi nao. Zile tai ndizo zilizoniangusha, kwani baada ya wiki sita tai ya upande mpana ilichomoka na grisi ikarudi kwenye rimu.

Safari ya pili nilikwenda kwenye gereji ndogo ya Tegeta, na huko ndiko nilikojua kwamba ile ya kwanza ilikuwa nusu ya kazi. Kabla ya kushika spana, fundi aliniomba tulipeleke gari uwanjani, akakata usukani hadi mwisho na kuzunguka taratibu, kushoto kisha kulia, vioo vikiwa wazi. “Dada yangu,” akasema, “lingekuwa linalia tak-tak-tak hapa, ningekwambia uachane na mpira, ununue sivijointi nzima.” Mlio huo, alinieleza, hutokea pale gololi sita zilizomo ndani zinapokuwa zimekwisha kuchimba njia zake, na mpira mpya hauwezi kurudisha chuma kilicholika. Langu lilikuwa kimya, kwa hiyo tukaendelea.

Alianza kwa kuinua kwa tindo ule mdomo wa nati ya katikati ya gurudumu uliopigwa kuingia kwenye mfereji wa shafti, akailegeza nati kwa soketi ya namba 30 gari likiwa bado chini, ndipo akapiga jeki. Baada ya kuachanisha bolijointi, kiungo kinachoshikilia gurudumu kwenye mkono wa chini, aliitoa shafti yote na kuilaza juu ya boksi lililofunguliwa. Kwenye shafti yangu mpira wa nje hupitishwa kutokea upande wa giaboksi, jambo linalolazimu kuufungua mpira wa ndani pia, na kwa sababu hiyo alinishauri tubadilishe yote miwili. Kile kiungo cha ndani chenye miguu mitatu hakukigonga mpaka alipokiwekea alama pamoja na shafti ili kirudi palepale kilipokuwa. Kwa kuwa hakuwa na rangi, aliazima rangi ya kucha kutoka kwenye mkoba wangu, na nukta zile mbili nyekundu ziko kwenye shafti hadi leo.

Kuosha kulichukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Alisuuza sivijointi ya nje kwa petroli mara tatu, akiikunja huku na huku ili kila gololi ijitokeze, na beseni likabaki na mchanga mweusi ambao niliuhisi ukikwaruza nilipousaga kati ya vidole. Mchanga wote huo fundi wa kwanza alikuwa ameufungia ndani. Baada ya kuikausha alijaza grisi nyeusi ya molibdenamu iliyokuja na seti, akapachika bendi za chuma na kuzibana kwa koleo lake maalumu. Kabla ya kubana bendi ndogo alipenyeza bisibisi butu chini ya mdomo wa mpira ili hewa itoke, kwani mpira uliobaki umevimba au umenyonywa ndani hujisugua mikunjo kwa mikunjo na kupasuka mapema.

Nilikaa pale kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Seti za mipira miwili zilinigharimu shilingi 48,000 na ufundi 40,000. Kasoro niliyoiona ni kwamba hakuniambia mapema kuwa shafti ikichomolewa oili ya giaboksi humwagika, na hivyo nikalazimika kutafuta bodaboda aniletee lita moja wakati gari liko juu ya stendi. Fundi anayejua kazi yake kiasi kile angeweza kulisema hilo tangu mwanzo.

Sasa ni mwezi wa saba tangu kazi hiyo ya pili ifanyike. Kila ninapoosha gari huingiza kidole kati ya mikunjo, na kinatoka na vumbi kavu tu. Mipira ya upande wa kulia imeanza kuonyesha nyufa nyembamba za ukavu ambazo bado hazijafika ndani, na nimekwisha kupanga kuipeleka kwa fundi yuleyule kabla mvua za masika hazijaanza, safari hii nikiwa na oili yangu mkononi.