Banda la Bata la Kuagiza kwa Seremala: Tathmini Baada ya Masika

Mwezi wa Februari niliagiza banda la bata kumi kutoka karakana moja ya useremala hapa Tanga, kwa shilingi 320,000 pamoja na usafiri, nikitaka lisimame uani kabla ya mvua kubwa. Masika yamepita, na sasa ninaweza kulitolea hukumu ya haki.

Kwa uimara sina lawama. Nguzo ni za mtiki, mbao ambayo mchwa huisumbua kidogo. Wavu ni wa matundu madogo ambayo nguchiro hawezi kupenya. Na misumari ya bati imepigwa juu ya migongo ya mikunjo, si mabondeni ambako maji hupita, kwa hiyo paa halijavuja hata tone.

Tatizo ni kwamba nililetewa banda la kuku kwa jina la bata. Mlango uko juu, na ngazi yake ni ya vijiti vyembamba ambavyo bata wangu weupe, wazito na wenye miguu mifupi, hawakuweza kuvipanda hata siku moja, hadi nilipoweka ubao mpana wenye mteremko mdogo na vipande vya papi vya kuzuia utelezi. Vichanja vya kulalia hutumiwa na wale wa kienyeji tu, ambao wana kucha za kushikia.

Kasoro kubwa zaidi ni paa kutokeza sentimita 15 tu, ilhali mvua ya masika huku pwani huja na upepo wa kusi na hupiga kwa ubavu. Upande wa wavu ulielekezwa kusini, na maranda yakaloa hadi katikati ya banda. Wapo wanaosema kwamba bata ni ndege wa maji, hivyo unyevu haumdhuru. Si kweli. Bata huogelea bila kulowa kwa sababu manyoya yake ni safi na yamepakwa mafuta. Akilala juu ya maranda yaliyochanganyika na kinyesi manyoya huchafuka na kupoteza kinga hiyo, huku ukungu wa matandiko ukimwingia mapafuni na harufu kali ya kinyesi ikimchoma macho. Tena kinyesi chake chenyewe kina maji mengi, kwa hiyo banda lake linahitaji ukavu kuliko la kuku.

Hasara niliiona kwa jike mmoja wa kienyeji. Alikuwa ameatamia mayai 12 chini pembeni, kwa kuwa visanduku vya kutagia vilifungwa juu kama vya kuku, na mvua ikamkuta kabla siku zake 35 hazijatimia. Alitotoa vifaranga watano. Iliniuma sana.

Fundi alipoitwa alikuja bila ubishi, akaongeza bati hadi sentimita 45 kwa shilingi 40,000, akaziba upande wa kusini kwa mbao na kuacha uwazi wa shubiri moja chini ya paa ili hewa chafu itoke. Tangu hapo matandiko hubaki makavu siku nne au tano kabla sijayabadilisha. Ningeagiza tena kwake, ila kwa mchoro wangu mwenyewe: mlango wa chini, visanduku sakafuni, paa refu, na wavu upande wa kaskazini.